Samaki na Chipsi: Chakula cha Waingereza Kilivyoanza

Ndugu mkulima, leo tuache kidogo vipimo vya mbolea, tuzungumzie chakula ambacho kila Mwingereza husema ni chao wenyewe: samaki wa kukaanga pamoja na chipsi. Lakini hebu tukichunguze. Utaona samaki huyo alikuja na wageni, na kiazi nacho kilikuja na wageni.

Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, na wale waliokimbia mateso Ureno baadaye, walikuwa na desturi ya kukaanga samaki siku ya Ijumaa wakamla akiwa baridi siku ya Sabato, kwa maana siku hiyo kupika ni mwiko. Waliohamia London walikwenda na mapishi yao. Kufikia miaka ya 1830 samaki huyo alikuwa akiuzwa mitaani, naye mnunuzi alimla kwa mkate.

Na kiazi je? Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wahispania ndio waliokipeleka Ulaya katika karne ya 16. (Sisi tunakiita kiazi ulaya, wakulima wa Peru wakisikia watatucheka!) Kiliwashibisha sana maskini, lakini kuna mwaka kiliwaponza. Mwaka 1845 ugonjwa wa bakajani, ule ule unaounguza majani ya viazi siku za baridi na mvua, uliingia Ireland. Wakulima wadogo wa huko walitegemea zaidi aina moja tu, ikiitwa Lumper, nayo haikuwa na kinga. Mashamba yalioza kwa muda mfupi. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na huku nafaka iliyolimwa Ireland hiyo hiyo ikiendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza.

Sasa, nani alikuwa wa kwanza kuuza samaki na chipsi pamoja? Watu wa London humtaja Joseph Malin, Myahudi, kwenye mwaka 1860 hivi. Watu wa kaskazini wanasema la, ni John Lees wa mji wa Mossley, mwaka 1863. Ubishi huo naona hautakwisha. Jambo kubwa ni kwamba reli na meli za mvuke zilifikisha samaki miji ya ndani akiwa bado mzima, na akina mama walioshinda kwenye viwanda vya nguo walihitaji chakula cha moto cha bei nafuu. Mwaka 1910 maduka yalikuwa yamefika kama 25,000. Hata katika Vita Kuu ya Pili, nyama na sukari vilipotolewa kwa mgao, chakula hiki hakikuguswa.

Mwaka 1966 wataalamu wa mbegu wa Cambridge walitoa kiazi kiitwacho Maris Piper, chenye kuhimili minyoo fulani ya udongoni, nacho kikapendwa mno na wakaangaji. Chipsi nzuri, mkulima mwenzangu, zataka kiazi kikavu chenye unga mwingi. Kile cha majimaji hunywa mafuta. Tena kiazi kikiwekwa mahali penye baridi kali, wanga wake hugeuka sukari, na chipsi huwa nyeusi. Ndiyo sababu viwandani hukaanga vichache kwanza kabla ya kupokea mzigo, na vikiwa vyeusi, lori zima hurudi kwa mkulima.