Pareto ya Nyanda za Juu katika Vita vya Pasifiki

Tarehe 2 Novemba 1943, ndege za kivita za Marekani aina ya B-25 ziliingia bandari ya Rabaul, katika kisiwa cha New Britain, zikiruka chini karibu na ncha za milingoti ya meli. Wajapani walikuwa wameuteka mji huo Januari 1942 na kuufanya ngome yao kuu katika Pasifiki ya kusini-magharibi. Jenerali George Kenney, kamanda wa Jeshi la Tano la Anga la Marekani, alikuwa amekwisha kuona kwamba bomu linaloachiwa kutoka juu sana huishia majini mara nyingi kuliko kupiga meli, hivyo akawaamuru marubani wake washuke. Ndege zilifungwa bunduki nyingi za rashasha puani, na mabomu madogo ya kushambulia viwanja vya ndege yalifungiwa miavuli ili yatue polepole na rubani apate nafasi ya kukimbia mlipuko wake mwenyewe. Siku ile Wajapani walipoteza meli, na Wamarekani walipoteza ndege na vijana wengi. Meja Raymond Wilkins alikufa humo, akatunukiwa Medali ya Heshima baada ya kifo.

Rabaul ilikuwa imepitia historia inayofanana na ya Iringa na Tukuyu, huku Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika. Hadi Septemba 1914 ilikuwa mji wa Wajerumani, makao makuu ya koloni lao la Guinea Mpya, kabla ya Waaustralia kuiteka katika wiki za mwanzo za vita vya kwanza. Nyanda za Juu Kusini zilisubiri hadi 1916, Jenerali Edward Northey alipovuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Aliingia Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, mwezi Mei, na Iringa mwishoni mwa Agosti. Koloni mbili za bwana mmoja, katika bahari mbili tofauti, ziliangukia mikononi mwa dola moja la Kiingereza. Vita vya pili vilipofika vikaziunganisha tena, kwa njia ambayo wakazi wa Mufindi au Umalila hawakuweza kuiona kutoka mashambani mwao.

Adui aliyewamaliza nguvu wanajeshi wa Marekani na Australia katika visiwa vile hakuwa Mjapani peke yake. Katika kisiwa cha Guadalcanal malaria iliwalaza watu wengi kuliko risasi. Jenerali Douglas MacArthur alimlalamikia Dkt. Paul Russell, bingwa wa malaria, mwaka 1943, kwamba kwa kila divisheni aliyonayo mbele ya adui anayo ya pili hospitalini na ya tatu inayojiuguza. Rubani aliyepaswa kushusha ndege hadi usawa wa milingoti alilala usiku wake wa kuamkia safari katika hema la Guinea Mpya, penye vinamasi na mbu. Kwinini, dawa ya malaria, nayo ilikuwa imekatika: karibu yote ilitoka Java, na Java ilianguka mikononi mwa Wajapani Machi 1942.

Katika hema hilo la rubani palikuwa na kopo la chuma. Lilibuniwa na watafiti wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Lyle Goodhue na William Sullivan. Goodhue alilifanyia jaribio la kwanza siku ya Pasaka ya mwaka 1941, kwa kuwapulizia mende. Ndani yake mlikuwa na gesi iliyobanwa, mafuta ya ufuta ambayo huiongezea dawa makali, na sumu iliyokamuliwa kutoka maua ya pareto. Askari akigeuza kizibo, ukungu mwepesi hutoka na kubaki hewani ndani ya hema, ndege au handaki, na mbu huanguka papo hapo. Mamilioni ya makopo hayo yalitengenezwa, na wanajeshi wakayaita mabomu.

Pareto hiyo ilitoka wapi? Ua lenyewe asili yake ni Dalmatia, pwani ya Bahari ya Adriatiki, lakini tangu vita vya kwanza soko la dunia lilikuwa limetawaliwa na Japani. Ni Mjapani, Eiichiro Ueyama, aliyeanzisha udi wa mbu kwa kutumia pareto, na umbo lake la kujizungusha lililoenea duniani kote lilitokana na wazo la mkewe, Yuki. Kenya ilianza kulima mwishoni mwa miaka ya 1920, Tanganyika ikafuata katika miaka ya 1930. Japani ilipoishambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, Marekani ilijikuta inapigana na nchi iliyokuwa ikiiuzia dawa ya mbu. Macho yote yakageukia nyanda za juu za Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ilitoka Kenya, na ni haki kusema hivyo. Lakini Iringa na Mbeya nazo zilikuwa na sehemu yao, na sehemu hiyo haisimuliwi katika vitabu vya historia tunavyowapa watoto wetu.

Ardhi ya huku ilifaa kwa sababu ya baridi. Pareto haichanui vizuri mahali pa joto. Inataka usiku wa baridi ndipo itoe vichwa vingi vya maua, na inataka mvua ya kutosha na udongo usiotuamisha maji. Dabaga, ukingo wa Mufindi, Ukinga, milima ya Uporoto na Umalila vina hayo yote, kwenye miinuko inayofika na kupita mita 2,000. Mchumaji huchagua ua lililofunguka kiasi, kwa vidole, kichwa kimoja kimoja, kisha baada ya wiki mbili au tatu hurudi shamba lile lile. Ua bichi huanza kuoza haraka likirundikwa, kwa hiyo lazima lianikwe au liingizwe kwenye tanuri siku hiyo hiyo. Kilo nne au tano za maua mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu, na ndani ya kilo hiyo sumu yenyewe huwa asilimia moja au mbili. Mtu akifikiria kopo moja la askari wa Guinea Mpya, na afikirie pia ni vidole vingapi vilipita kwenye umande wa asubuhi kulijaza.

Mwaka 1939 mashamba makubwa ya nyanda hizi yalikuwa mengi mikononi mwa Wajerumani. Walikuwa wamerudi katikati ya miaka ya 1920, Waingereza walipowaruhusu tena, wakafungua mashamba ya chai na kahawa Mufindi, Rungwe na Mbozi. Vita vilipotangazwa Septemba walikamatwa na kuzuiliwa, na mali yao ikawekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui. Chai ya Mufindi ilikabidhiwa kwa kampuni ya Kiingereza. Pareto ililimwa zaidi na walowezi Waingereza na Wazungu wengine, na serikali ikawahimiza wapanue.

Nani alime na kuchuma? Hapa ndipo moyo wangu ulipo katika habari hii. Vijana wa Kinyakyusa walikuwa tayari wanakwenda kwenye dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ya Rhodesia. Wakinga na Wabena walikwenda kwenye mkonge. Na wengine waliandikishwa jeshini. Sheria za dharura zilimpa gavana uwezo wa kuwachukua wanaume kwa lazima, kwanza kwa kazi za umma, halafu hata kwa mashamba ya watu binafsi yaliyohesabiwa kuwa muhimu kwa vita: mkonge, mpira, chakula, pareto. Amri ilishuka kwa mkuu wa wilaya, kutoka kwake ikaenda kwa machifu, kutoka kwa machifu kwa majumbe, na jumbe ndiye aliyesimama mlangoni kwa mtu akitaja jina. Chifu Adam Sapi Mkwawa alishika kiti cha Uhehe mwaka 1940 akiwa na miaka takribani 20. Mjukuu wa Mkwawa aliyepigana na Wajerumani hadi pumzi ya mwisho alianza utawala wake katika wakati ambao kila chifu alidaiwa watu. Kazi ya lazima ilikuwa ni kazi ya lazima, hata kama adui aliyekuwa anapigwa vita alistahili kupigwa. Mtu aliyechukuliwa wakati wa kulima mahindi yake aliacha njaa nyumbani, na hakuna aliyemweleza ua lile jeupe linakwenda kufanya nini.

Kusafirisha nako kulikuwa mzigo. Reli haikuwepo, TAZARA ilikuwa bado miaka 30 mbele. Mbeya ilikuwa na uwanja wa ndege uliokuwa maarufu kuliko ukubwa wa mji wenyewe, kwa kuwa tangu Januari 1932 ndege za Imperial Airways zilitua hapo katika njia ya kwenda Cape Town, kati ya Dodoma na Mpika. Barua ya Mbeya ilisafiri kwa ndege, zao la Mbeya likasafiri kwa lori la vumbi hadi kwenye reli ya kati. Magunia ya pareto ni mepesi lakini ni makubwa, na mvua ikiyapata njiani mzigo wote huharibika.

Katika miaka hiyo hiyo nyanda hizi zilipokea watu waliofukuzwa na vita kutoka upande mwingine wa dunia. Wapolandi walioondolewa makwao na Wasovieti mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Asia ya Kati, waliruhusiwa kutoka kupitia Iran, na maelfu yao wakaletwa Afrika Mashariki kuanzia 1942. Wengi walikaa Tengeru, Arusha, lakini kambi nyingine ziliwekwa Ifunda, Iringa, na Kidugala, Njombe, kwenye misheni iliyoanzishwa na Wajerumani wa Berlin. Wanawake na watoto wa Kipolandi waliona kwa mara ya kwanza baridi ya Julai ya Ubena, na nadhani haikuwashangaza sana.

Upande wa pili wa habari hii ni wale waliovaa sare. Zaidi ya Watanganyika 80,000 walitumikia jeshini katika vita hivyo, na Uhehe ilikuwa mahali ambapo Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza (King's African Rifles), ilipenda kuandikisha tangu zamani. Kikosi cha Kwanza cha Rejimenti ya Sita ya Keya, cha Tanganyika, kilikifikia kisiwa chake cha adui: Madagascar, iliyokuwa chini ya serikali ya Wafaransa wa Vichy, walioshirikiana na Ujerumani. Waingereza waliogopa kwamba nyambizi za Kijapani zingepata bandari huko. Alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942 ndege zilizoruka kutoka manowari zilishambulia uwanja wa Arrachart na meli zilizokuwa katika bandari ya Diego Suarez, na siku mbili baadaye bandari ikasalimu amri. Hofu haikuwa ya bure: tarehe 30 Mei nyambizi ndogo ya Kijapani iliingia bandarini humo na kuipiga manowari Ramillies. Septemba Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilitua Majunga na kuanza safari ya kwenda Antananarivo, kupitia barabara iliyozibwa kwa magogo na kuta za mawe, huku ndege za Afrika Kusini zikiwatangulia. Mji mkuu uliingiwa tarehe 23 Septemba, na vita vikaisha mwanzoni mwa Novemba.

Kutoka hapo wengine walipelekwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya Tanganyika vya 26 na 36 vya Keya, ilishuka bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, katikati ya mvua za masika ya Asia, hadi Kalewa mwezi Desemba. Bonde hilo lilijulikana kwa malaria kuliko kwa kitu kingine chochote. Barabara ziligeuka tope, kwa hiyo chakula na risasi viliangushwa na ndege zilizoruka chini kati ya vilima vilivyofunikwa na mawingu. Jenerali William Slim, aliyeongoza majeshi ya Waingereza huko Burma, aliifanya dawa ya malaria kuwa amri ya kijeshi, na aliwaondoa makamanda walioshindwa kuhakikisha askari wao wanaimeza. Vijana wa Iringa na Tukuyu walipigana kwenye bonde la mbu, wakati ndugu zao nyumbani walichuma ua la kuua mbu. Huo ndio mzunguko ambao ningependa wanafunzi wa shule za Mafinga na Mbalizi waujue kabla ya kukariri tarehe za mikutano ya Ulaya.

Mwisho wa vita ulikuja na pigo. Dawa mpya ya DDT ilikuwa rahisi na ilikaa muda mrefu. Septemba 1944, katika kisiwa cha Peleliu, Wamarekani waliinyunyiza hata kwa ndege wakati mapigano yanaendelea. Mwaka 1949 watafiti wa Marekani wakatangaza alethrini, sumu ya kwanza iliyotengenezwa maabara kwa kuiga ile ya pareto. Uhitaji uliokuwa wa kufa na kupona ukalegea. Walowezi wengi waligeukia mazao mengine, na pareto ikahamia kwa wakulima wadogo wa Kiafrika: Umalila, Uporoto, Ukinga, kwenye mashamba ya robo ekari na nusu ekari. Nao ndio walioibeba hadi leo. Baadaye dunia ilipoona madhara ya DDT kwa ndege na samaki, sumu inayooza yenyewe juani ikatafutwa tena, na Tanzania ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa pareto duniani. Kiwanda cha kukamua kiko Mafinga, katika wilaya ile ile ya Mufindi, na huko Santilya na Ilembo ua bado linachumwa kwa vidole.

Makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yaliyoko Iringa mjini yanatunzwa vizuri, na majina yamechongwa. Waliochukuliwa kwa lazima kwenda kuchuma hawana orodha iliyochongwa popote. Lakini vitabu vya wilaya vya Iringa, Njombe na Mbeya vipo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na aliyekuwa na miaka 15 shambani mwaka 1943 sasa anakaribia miaka 100. Jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2016 katika Boma la zamani la Wajerumani mjini Iringa lina nafasi ya kufanya kazi ya kuwatafuta na kuandika majina yao, na vijana wa vyuo vya Iringa na Mbeya wanaweza kwenda vijijini na kinasa sauti mwaka huu.