Njano Inayoegemea Weusi

Mafundi wa Misri ya zamani walijua kuandika kwa dhahabu bila hata chembe ya dhahabu. Mafunjo ya Leiden, hati ya Kigiriki iliyopatikana Thebes na kuandikwa yapata karne ya 3 au ya 4, yanaeleza namna ya kupika wino huo: zafarani ya Kilikia, nyongo ya kobe, ute wa yai, gundi, na jiwe la njano lenye aseniki na salfa. Ni mchanganyiko wa sumu na uvundo, na lengo lake halikuwa njano kwa ajili ya njano. Lengo lilikuwa kuigiza dhahabu. Hapo ndipo udhaifu wa wino huu unapoonekana: kitu kinachong'aa kwa kurudisha mwanga hakisomeki kirahisi juu ya ukurasa mweupe, ambao nao unarudisha mwanga. Ninavyoona mimi, wino wa njano ya dhahabu haujawahi kubeba maandishi peke yake. Sikuzote umeegemea rangi ya giza.

Ushahidi wa wazi kabisa uko kwenye misahafu. Ule unaoitwa Msahafu wa Bluu, wa karne ya 9 au ya 10, ambao kurasa zake kadhaa ziko Tunisia, umeandikwa kwa dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya nili. Wakristo nao waliandika Injili kwa dhahabu na fedha juu ya ngozi ya zambarau. Halafu kuna msahafu wa juzuu 7 ulioandikwa Cairo kati ya 1304 na 1306 kwa ajili ya Baybars al-Jashnakir, ambaye baadaye alikuwa sultani. Huu uko kwenye karatasi ya rangi nyepesi, basi kila herufi ya dhahabu ilizungushiwa mstari mwembamba mweusi. Tazama kazi hiyo: herufi moja, kalamu mara mbili, kitabu kizima.

Atakuja mtu aseme kwamba dhahabu ilitumika kwa utukufu, si kwa usomaji. Ni kweli, lakini kama utukufu ungetosha, huo mstari mweusi ulikuwa wa kazi gani? Waandishi wa misahafu wa Siyu, kisiwani Pate, walikuwa na jibu la gharama nafuu: maneno walibakiza meusi, na njano wakaiweka pamoja na nyekundu kwenye nakshi za pambizoni.

Kalamu ya wino iliongeza sharti jingine. Kalamu ya mwanzi inachovywa, hivyo hata unga wa jiwe unapita. Mfereji mwembamba wa kalamu yenye tangi unaziba. Rangi ilibidi iyeyuke kabisa majini, na jambo hilo liliwezekana kwa urahisi baada ya mkemia Perkin kufungua njia ya rangi za kemia mwaka 1856. Tartrazini, njano ileile ya vinywaji na peremende, ilitengenezwa mwaka 1884, mwaka ambao Waterman alipata hataza ya kalamu yake huko Marekani. Njano ikapita kwenye kalamu bila taabu, ila kwa nibu nyembamba unaandika barua usiyoweza kuisoma usiku chini ya taa.

Je, wino wa dhahabu wa siku hizi si unasomeka? Unasomeka kwa sababu umekaribia kahawia. Kampuni ya Pilot ya Japani iliwahi kutoa mmoja uitwao Ina-ho, yaani suke la mpunga, na ukiujaribu kwa nibu pana utaona mstari unaanza hafifu kisha unakolea pale wino unapotuama mwishoni mwa herufi. Kinachosomwa ni ule mkolezo. Nao J. Herbin wa Ufaransa, walipotaka chembe zinazong'aa kama dhahabu katika wino wao Emerald of Chivor wa mwaka 2015, hawakuzitia kwenye wino wa njano. Walizitia kwenye bluu ya kijani iliyokolea, na chupa inabidi itikiswe kwanza maana chembe zinazama chini.