Kisima Kilichokosa Maji

Zamani, wakati wa baridi mjini Yakutsk, Siberia, watu walikata mapande ya barafu mtoni Lena, wakayapanga nje ya nyumba kama matofali, na kila walipotaka maji ya kunywa waliyeyusha moja. Fyodor Shergin, msimamizi wa Kampuni ya Urusi na Amerika mjini humo, aliona heri achimbe kisima. Akaanza mwaka 1828.

Kila walipochimba, udongo ulikuwa umeganda, mgumu kama jiwe. Shergin alitaka kuacha, na nani angemlaumu? Baharia Ferdinand von Wrangel alipopita Yakutsk alimsihi aendelee kwa ajili ya elimu. Akaendelea hadi mwaka 1837. Mita 116, tone la maji hakuna.

Miaka saba baadaye akaja Alexander von Middendorff, aliyetumwa na Chuo cha Sayansi cha St Petersburg. Alitoboa vitundu kwenye kuta za shimo na kutia vipimajoto humo, kimoja chini ya kingine. Karibu na juu baridi ilikuwa kali. Chini kabisa ilipungua hadi nyuzi 3 hivi chini ya sifuri. Kwa kufuata namba hizo akakadiria barafu inakomea wapi. Kwangu mimi, kazi ya kutabiri hali ya ardhi iliyoganda ilizaliwa humo shimoni.

Joto hupenya ardhini taratibu mno; joto lililoingia zamani bado linashuka, na kipimajoto hulikuta njiani. Mwaka 1986 Arthur Lachenbruch na B. Vaughn Marshall walichapisha vipimo vya joto vya mashimo ya kutafutia mafuta kaskazini mwa Alaska. Uso wa ardhi ulikuwa umeongezeka joto kwa nyuzi 2 hadi 4, ndani ya miongo michache hadi karne moja.

Linalotutoa jasho sisi watabiri sasa ni barafu yenyewe. Udongo wenye barafu kidogo ukiyeyuka hubaki ulipo. Wenye barafu nyingi hudidimia, maji yakatuama, na kidimbwi hicho kikapeleka joto chini zaidi. Na ardhi iliyoganda kote duniani imefungia kaboni karibu mara mbili ya iliyomo hewani, mabaki ya mimea na viumbe wa maelfu ya miaka.

Huko Batagay, kaskazini mwa Yakutsk, msitu ulikatwa, ardhi ikayeyuka, na korongo likaanza. Leo lina urefu wa kilomita moja hivi. Kila kiangazi kuta zake hulowa na kumomonyoka, na miti ya ukingoni huinama, kisha hudondoka na udongo wake.