Tembo, Pombe na Bia: Vinywaji Vitatu vya Kigamboni

Majina matatu ya vileo yasikiwayo Kigamboni hayana asili moja, na vitenzi vyake vyaonyesha hivyo: tembo hugemwa, pombe hupikwa, bia hutengenezwa kiwandani.

Tembo ni la kale katika mwambao. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara kwa kotama, na utomvu hudondoka kibuyuni. Utomvu huo huanza kuchacha papo hapo, na baada ya siku chache hugeuka siki. Kwa hiyo tembo halikuweza kwenda mbali. Mnywaji ndiye aliyelifuata mnazini. Methali isemayo ya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji ni ya watu waliomjua mgema wao kwa uso.

Pombe ya mtama na mahindi iliongezeka kadiri watu wa bara walivyoingia Dar es Salaam kutafuta kazi. Kisha, mwaka 1933, Tanganyika Breweries ilianzishwa mjini humo. Chupa iliyozibwa ikapindua desturi: kinywaji sasa kilimfuata mnywaji.

Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, mstaafu atakaye kuonja tembo ligemwapo aweza kufika Kigamboni bila kungoja pantoni. Lakini njia hiyo hiyo huleta nyumba, na nyumba huondoa minazi. Mnazi ukatwapo, msamiati wa mgema nao hukosa pa kukaa. Wakusanyao maneno hawana budi kumwendea angali na kotama mkononi.