Ndui na Maarifa ya Mtumwa

Wengi wetu twadhani ya kuwa maarifa hutoka kwa wenye vyeo na vitabu, kisha hushukia watu wadogo. Habari za mji wa Boston, katika Marekani, zatukanya tusiseme hivyo upesi.

Mwaka 1706 washarika wa kanisa moja walimpa mchungaji wao, Cotton Mather, mtumwa Mwafrika. Naye akamwita Onesimus, kwa jina la yule mtumwa wa Filemoni. Alipoulizwa kama amepata kuugua ndui, alijibu ya kuwa kwao alichanjwa: alitiwa usaha kidogo wa ndui katika ngozi, akaugua kidogo, asiogope tena ugonjwa huo.

Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, Mather aliwasihi waganga wachanje watu. Alikubali mmoja tu, Zabdiel Boylston, akaanza na mwanawe mwenyewe na watumwa wake wawili. Watu wakakasirika, wengine wakasema maneno ya Waafrika si ya kusadikiwa, hata bomu likatupwa nyumbani kwa Mather, lisilipuke. Walakini hesabu ilishuhudia: katika wagonjwa karibu 6,000 walikufa zaidi ya 800; katika waliochanjwa, 240 na zaidi, walikufa 6.

Basi, kinga ilikuwako mjini kabla ya maradhi, ila ilikuwa kinywani mwa mtu ambaye wengi hawakutaka kumsikia. Nasi tukutanapo shaurini, tumwulize na yule aketiye karibu na mlango.