Mtandao Upi? Historia ya Neno Moja na Juhudi za Kuwafikishia Wananchi Intaneti

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa kifupi jinsi Serikali ilivyojitahidi kuwafikishia wananchi huduma ya intaneti, na jinsi lugha ya Kiswahili ilivyozihudumia juhudi hizo. Mifano mingi imechukuliwa katikati ya Jiji la Dar es Salaam, hasa Kariakoo, kwa sababu huko hakuna awezaye kudai kwamba tatizo ni umbali wa mnara wa simu. Mawimbi yapo, vyombo vipo, na wauzaji wapo tele. Hata hivyo, wako wananchi wengi ambao huduma hiyo wanaiona kwa macho bila kuweza kuitumia wenyewe. Tutajaribu kuonyesha kwamba sababu mojawapo ni neno tulilolitwisha mzigo kupita kiasi, yaani neno mtandao.

Somo la neno simu

Kabla ya kulitazama neno hilo, yafaa tukumbuke yaliyolipata neno la zamani zaidi. Neno simu asili yake ni Kiajemi, na katika lugha hiyo lina maana ya waya. Mwaka 1879 waya wa baharini kutoka Aden ulifika Unguja, na watu wa pwani wakaanza kuzipata habari za mbali kwa muda mfupi. Wakati huo simu ilikuwa ni ule waya na habari iliyopita ndani yake. Baadaye kilipokuja chombo cha kusemea, jina likabaki lile lile. Basi neno moja likawa na maana mbili.

Wasemaji hawakungoja kamati. Walisema simu ya maandishi na simu ya mdomo, na kila mtu akaelewa. Zilipokuja simu za kuchukuliwa mkononi, watu walifuata njia ile ile, wakasema simu ya mkononi na simu ya mezani. Somo tunalolipata hapa ni hili: si kosa neno moja kutumiwa kwa vitu vingi, mradi liwe na kivumishi cha kulitambulisha. Kosa ni kuliacha likitembea peke yake.

Kutoka zuio hadi mkongo

Historia ya kompyuta katika nchi yetu haikuanza kwa kufungua milango. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila ya kibali maalumu, na masharti hayo yalilegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo muda mrefu kompyuta ilikuwa ni chombo cha ofisi chache, na istilahi zake zilihitajiwa na watu wachache tu. Yalipopendekezwa maneno kama tarakilishi na ngamizi, wananchi wengi hawakuwa wamekiona chombo chenyewe. Nchini Kenya neno tarakilishi limepata nguvu katika vitabu na shule, lakini huku kwetu kompyuta ndilo lililoshinda.

Mageuzi yalianza kwa sheria za mwaka 1993, ambazo zililigawa lililokuwa Shirika la Posta na Simu, zikaruhusu na makampuni mengine kutoa huduma. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 intaneti ilianza kupatikana kwa umma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vibanda vya intaneti vilienea katikati ya mji, na mtu aliweza kulipia dakika chache ili asome baruapepe yake. Mwaka 2003 ikatolewa Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, na pamoja nayo likaenea neno TEHAMA. Neno hili lina sifa nzuri kwa upande wa lugha. Halikuyaiga makato ya Kiingereza, bali limeundwa kwa silabi za maneno ya Kiswahili chenyewe, nalo hutamkika bila taabu.

Mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa ajili ya sehemu za vijijini na hata za mijini ambazo hazikufikiwa vya kutosha na huduma za mawasiliano. Hapa pia mfasiri anastahili sifa. Neno la Kiingereza alilokabiliwa nalo limejengwa juu ya dhana ya ulimwengu. Angalifuata umbo lake, angalitupa "mawasiliano ya ulimwengu", na wananchi wangalidhani kwamba mfuko huo ni wa kuzungumza na nchi za nje. Yeye aliitafuta maana, akaikuta katika maneno mawili mafupi, kwa wote. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kufanya kazi hapa Dar es Salaam, ukafuatiwa na ule wa EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukaendelea kutandazwa kwenda mikoani. Miaka 130 baada ya waya wa Unguja, waya mwingine wa baharini ulitufungulia mlango.

Mzigo wa neno mtandao

Neno mtandao limetokana na kitenzi tanda, chenye maana ya kuenea na kufunika. Ni neno zuri, na lilikuwa na kazi yake kabla ya intaneti. Tulisema mtandao wa barabara, na Mtandao wa Jinsia Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1993, ulijiita hivyo kwa maana ya watu na vikundi vilivyoshikamana. Siku hizi neno hilo, likiwa peke yake, hutumiwa kwa maana zifuatazo:

(a) Intaneti yenyewe, kama katika "habari hizi zimo mtandaoni".

(b) Kampuni ya simu, kama muuzaji wa vocha anapouliza, "Unatumia mtandao gani?"

(c) Mawimbi au mawasiliano yenyewe, kama katika "mtandao umekatika".

(d) Jambo lolote linalofanywa kwa njia ya elektroniki, kama katika jina la Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019.

(e) Uwanja wa makosa ya aina mpya, kama katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Tuchukue mfano. Tangazo la ofisi fulani lasema: "Wafanyabiashara wote wajisajili kupitia mtandao kabla ya mwisho wa mwezi." Mama mwenye meza ya vitenge katika Mtaa wa Kongo akilisoma, ana haki ya kuuliza, "Mtandao upi?" Kwake yeye mtandao ni kampuni ya laini yake, na kujisajili ni jambo alilokwisha kulifanya kwa alama za vidole, katika zoezi lililoanza Mei 2019 na kufuatiwa na kufungwa kwa laini zisizosajiliwa kuanzia Januari 2020. Basi aona tangazo halimhusu. Au akiambiwa kwamba linamhusu, huenda kwenye duka la vifaa vya kuandikia, akamlipa kijana amjazie fomu, akamtajia namba ya kitambulisho chake na nywila aliyoichagua. Kwa njia hiyo siri zake zimo mikononi mwa mtu asiyemjua, ilhali tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Serikali imeleta huduma mpaka mlangoni pake, lakini sentensi moja imemrudisha nyuma.

Lugha ya soko

Wako wasomi wanaosikitika kwamba sokoni hapana Kiswahili fasaha. Hatukubaliani nao. Huko maneno bando, vocha, salio, laini na kujiunga yana maana zilizo wazi, na hakuna anayegombana juu yake. Isitoshe, istilahi mbili zilizo bora kuliko zote katika uwanja huu, pakia na pakua, ni maneno ya wachukuzi. Mtu hupakia shehena chomboni na kuipakua, kama vile mpishi apakuavyo wali chunguni. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kwa wachukuzi. Baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, mahali hapo palikaliwa na kikosi cha wapagazi wa jeshi lao, na jina la Kiingereza la kikosi hicho likageuzwa na wenyeji mpaka likawa la kwetu. Mchukuzi wa leo hahitaji kufundishwa maana ya kupakua. Istilahi iliyochukuliwa katika kazi ya watu hujieleza yenyewe.

Mapendekezo

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini. Kwa hiyo utata uliokuwa wa matangazo sasa unaweza kuingia katika hukumu, na mtu anaweza kushinda au kushindwa kwa sababu yake. Tunapendekeza kwa wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali mambo haya:

Kwanza, neno intaneti litumike palipokusudiwa intaneti. Limekwisha kuzoeleka, halina aibu yoyote.

Pili, mtandao lisiachwe peke yake katika maandishi rasmi. Tuseme mtandao wa simu au mtandao wa kompyuta, kama wazee wetu walivyosema simu ya maandishi na simu ya mdomo.

Tatu, mwananchi anapotakiwa kufanya jambo, atajiwe mahali na njia: tovuti ipi, namba ipi ya kubonyeza katika simu, au ofisi ipi ya kwenda asipoweza.

Nne, kabla ya tangazo kutolewa, lisomwe mbele ya watu watatu au wanne wasio watumishi wa ofisi hiyo. Wakiuliza "upi?", liandikwe upya.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi kama mkongo au mnara. Lakini tusipoyafanya, yule mama wa Mtaa wa Kongo ataendelea kumlipa mtu mwingine amsomee tangazo la Serikali yake, lililoandikwa kwa lugha yake mwenyewe.