Waliolala Jipe Kabla Yetu

Mjini Mwanga, na Same pia, nimewasikia watu wazima wakisema kwamba kuipeleka familia porini, mkalala hemani Ijumaa na kurudi Jumapili, ni starehe ya wageni. Nilifundisha historia hadi nikastaafu, na sikubaliani nao hata kidogo. Kando ya Ziwa Jipe watu wa safari wamelala tangu kabla reli haijafika Upareni, na walioijua kazi ya kambi kuliko wote walikuwa Waafrika waliobeba mizigo. Wajukuu zangu nawapeleka kule ili walijue hilo wakiwa wamekalia udongo uleule.

Kwanza tuelewe kwa nini pale. Jipe ni ziwa dogo, kama kilomita za mraba 30, na kina chake hakifiki mita tatu sehemu nyingi. Limelala chini ya ukuta wa milima ya Upare Kaskazini, Ugweno na Usangi zikiwa juu yake. Maji yake huletwa na mto Lumi unaoshuka kutoka Kilimanjaro, pamoja na vijito vya Upare, kisha hutoka kwa mto Ruvu kuelekea Nyumba ya Mungu na hatimaye Pangani. Upande wa mashariki ni nyika kavu hadi Taita na zaidi. Mtu aliyetoka Mombasa kwa miguu, akavuka jangwa la Taru na kuipita milima ya Taita, alikuwa ametembea siku nyingi akikinga maji ya kuokoteza kwenye mashimo ya miamba. Alipofika Lumi au Jipe aliweka mzigo chini. Hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba hapa ndipo pa kulala.

Wazungu walioandika vitabu walifuata nyayo hizo. Karl Klaus von der Decken na Richard Thornton walifika Jipe mwaka 1861. Joseph Thomson alipita Taveta mwaka 1883. Hesabu Teleki na Ludwig von Höhnel walipanda kutoka Pangani mwaka 1887, wakifuata mto chini ya milima ya Usambara na Upare. Njia zenyewe zilikuwa za biashara ya pembe za ndovu tayari, na waliozijua walikuwa watu kama Jumbe Kimemeta wa Pangani, ambaye Thomson na Teleki wote wawili walimtegemea kwa safari za Umasaini. Katika msafara wa Thomson walikuwamo Mwinyi Sera na Makatubu, waliosimamia watu na mizigo. Nayataja majina haya darasani na kambini kwa makusudi, maana vitabu vyetu vya shule vinamtaja Thomson na kuishia hapo.

Kambi kuu ilikuwa msituni Taveta, mwendo mfupi kaskazini mwa ziwa. Wataveta waliishi ndani ya msitu mnene unaonyweshwa na Lumi, na njia za kuingilia zilizibwa kwa milango ya magogo, hata Wamasai hawakuweza kuwavamia. Msafara ulipopita milango hiyo ulikuwa salama, ukakaa wiki nzima na zaidi. Palikuwa na ndizi, mahindi, samaki, kondoo na kivuli. Wapagazi walikaa chini ya miti wakitunga shanga, kwa sababu Wamasai hawakupokea shanga ovyo. Zilitakiwa zitungwe kwenye nyuzi za urefu uliokubalika, na bila hivyo hakuna aliyepita wala aliyeuziwa pembe. Kazi hiyo ilichukua siku na siku, mamia ya watu wakiwa wameinama juu ya shanga nyekundu, nyeupe na samawati. Nikiufikiria msitu ule, naona karakana kubwa isiyo na paa.

Na sasa tazama jinsi kambi yenyewe ilivyowekwa. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, tangu alfajiri. Kirangozi alikuwa mbele, naye aliposimama hakuna aliyelala kwanza. Watu waligawanyika katika makundi ya kula pamoja, kila kundi na sufuria yake. Mmoja alikwenda majini, mwingine akatafuta kuni, wengine wakakata miiba ya kuzungushia boma, maana simba wa nyika hii hawakuwa na subira. Hema la mwenye safari liliinuliwa na mikono hiyohiyo. Posho ilipimwa kwa kibaba, moto ukawashwa, na saa moja baada ya kufika palikuwa na mji mahali ambapo asubuhi palikuwa na nyasi tupu. Kesho yake mji ule ulibebwa vichwani ukaondoka. Huo ni ujuzi mkubwa, na haukufundishwa chuoni.

Baadaye kidogo wakaja waliolala porini kwa kupenda. Mwaka 1886 Mwingereza John Willoughby na wenzake waliifanya Taveta kituo chao cha kuwinda, na kitabu chake kuhusu wanyama wakubwa wa Afrika Mashariki kikatoka miaka michache baadaye. Hapo ndipo ilipozaliwa picha tuliyonayo mpaka leo, ya mzungu mbele ya hema na kikombe mkononi. Picha haimwonyeshi aliyechemsha maji.

Mwaka huohuo wa 1886, huko Ulaya, Wajerumani na Waingereza walikubaliana juu ya mpaka: mstari utoke mlangoni mwa mto Umba, uje moja kwa moja hadi Jipe, upite mashariki na kaskazini mwa ziwa, kisha uvuke Lumi na kuitenganisha Taveta na Uchagga. Leo mpaka unakata ziwa lenyewe, ng'ambo kukiwa na Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Ndovu hawajaupokea mkataba huo. Wanavuka kati ya Tsavo na Mkomazi wanavyotaka, na wakulima wa tambarare yetu wanalipa kwa mashamba yao.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, misafara ya miguu ikapungua. Lakini Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na hadi Machi 1916, Waingereza walipopigana kwenye vilima vya Latema na Reata, nchi hii yote ilikuwa kambi ya jeshi. Mpagazi alirudi barabarani, safari hii kwa kulazimishwa. Upande wa Waingereza pekee walikufa zaidi ya wapagazi 40,000 katika vita ile, wengi kwa maradhi na njaa, na jina la kikosi chao limebaki Dar es Salaam katika neno Kariakoo. Wajukuu wamepanda daladala kwenda Kariakoo mara nyingi. Nilipowaeleza kandokando ya moto jina lilikotoka, yule mkubwa alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama na wa kwetu walichukuliwa. Nikamjibu kwamba walichukuliwa.

Sisi Wapare wenyewe tulikuwa na sababu zetu za kulala nje. Huko juu Ugweno na Usangi kulikuwa na mshitu, msitu wa jando, ambako wavulana walikaa mbali na mama zao wakifundishwa na wazee. Yaliyosemwa humo hayaandikwi gazetini. Ninachoweza kusema ni kwamba msitu huo haukukatwa, wala hukuokota kuni humo kwa matakwa yako. Ndiyo maana hadi leo, ukisimama bondeni, unaona vishungi vya miti ya asili katikati ya migomba na kahawa.

Halafu kuna kambi ninayoiheshimu kuliko zote. Januari 1945 watu wa himaya zote tisa za Upare walishuka hadi Same kuipinga kodi mpya iliyoitwa mbiru, iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Hawakuja kupiga kelele na kurudi nyumbani. Waliweka kambi karibu na ofisi ya mkuu wa wilaya, wakalala hapo wiki baada ya wiki, bila silaha, wakisubiri jibu. Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenyewe, aliandika kitabu juu ya upinzani ule, kikachapishwa mwaka 1971. Kodi ile hatimaye iliondolewa. Ukipita Same kwa basi huoni lolote linalokuonyesha kwamba wazee walilala pale, na jambo hilo linaniuma.

Kwa hiyo tunapokwenda Jipe hatwendi kubuni kitu. Tunabeba sufuria moja ya makande yaliyokwisha kuchemshwa nusu nyumbani, maji ya kunywa, vyandarua, na hema. Mwenyekiti wa kitongoji tunampa taarifa kabla ya jua kuzama, kama misafara ilivyowapelekea wenyeji salamu. Hatulali karibu na maji, kwa sababu viboko hutoka usiku kula majani, na mamba wapo. Asubuhi, mawingu yakikubali, Kibo na Mawenzi zinaonekana ng'ambo ya ziwa.

Majirani zetu kambini ni wavuvi, ambao kambi yao wengine huiita dago. Wanavua perege wa Jipe, samaki ambaye Rosemary Lowe alimwandika katika sayansi mwaka 1955 na ambaye makazi yake ya asili ni maji ya bonde hili la Pangani tu. Lakini magugu maji yameziba sehemu kubwa ya ukingo. Mvuvi mmoja mzee alinionyesha mahali baba yake alipofunga mtumbwi. Sasa ni ukuta wa magugu marefu kuliko mtu, na maji hayaonekani. Yeye na vijana wake hukata mfereji kwa panga ili mtumbwi upite, na mfereji ukijifunga wanahamisha dago. "Mwalimu," aliniambia, "ukirudi mwakani usitutafute hapa. Uliza Wapare wa mitumbwi wamehamia wapi."